Kilimia Ulichoniambia Nikitazame

Mama,

Nimechoka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeliniuliza kwanza, na wewe hukuwahi kuridhika na "sijambo" peke yake. Mikono imejaa malengelenge ya shoka, na shamba letu hapa Isansa lina marundo ya matawi yanayosubiri moto.

Tangu nirudi kutoka migodini na kukuta umeshazikwa, watu wanadhani nimerithi macho yako. Wewe ndiye uliyekitazama Kilimia, zile nyota ndogo zilizobanana, kikitoka mashariki baada ya chakula cha jioni. Ndipo ukasema tuchome, ili mvua itukute na majivu tayari kwa ulezi. Mwaka jana mama mdogo, mdogo wako, alikuja kuniuliza mimi. "Mwanangu, bado?" Nikamjibu kwa kujiamini kwamba bado.

Mama, sikukijua Kilimia. Nilizijua zile tatu zilizojipanga mstari, maana hata kipofu angeziona, nikadhani ndizo. Nikazisubiri jioni baada ya jioni. Majirani walipochoma niliwacheka, nikasema wana haraka. Mvua ikafika kabla ya zile tatu. Marundo yangu yakalowa chapachapa, na ya mama mdogo pia. Ulezi wake uliota mabaka mabaka. Hakunilaumu, aliacha tu kuniuliza, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Basi nikaanza kujifunza ukubwani, shingo ikiuma. Nilirudia yale uliyoniambia utotoni, nami wakati ule nikicheza tu: simama mahali pale pale kila siku, upe mgongo moto wa jikoni, ngoja macho yazoee giza. "Usihesabu nyota, Yoramu, tafuta vifaranga vilivyobanana." Kumbe zile tatu huja nyuma, Kilimia kikiwa kimeshapanda juu.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Kila mwaka katekista alipokuandikia barua ya kunitumia kule migodini, ulimwambia aongeze mwishoni: Kilimia kimetoka, kitazame na wewe. Nami nilijibu, "Nimekiona, Mama." Nilikudanganya. Nilikuwa natoka shimoni hoi, nakula, nalala. Miaka saba, Mama, sikuinua kichwa hata mara moja. Nisamehe.

Jana jioni mama mdogo alikuja na kigoda chake, akakaa kando yangu. Alitazama mashariki, kisha akauliza, "Bado?" Nusura nilie. Nikamwambia sina hakika, tungoje. Leo amekuja tena. Vifaranga vimechomoza juu ya kilima, vidogo mno, nikamwonyesha kwa kidole, naye akaitikia kwa kichwa. Kesho tunachoma, na tutaanza na shamba lake.

Pumzika, Mama, kazi hii niachie. Kila mwaka nitasimama pale pale ulipokuwa ukisimama, hata nikiwa nimechoka kama leo. Na ile barua yako ya mwisho, ambayo sikuwahi kuijibu, naijibu sasa.

Nimekiona, Mama.

Mwanao,
Yoramu