Bega la Kulia la Mdogo Wangu

Mdogo wangu Salum,

Nakuandikia kwa herufi zile za Kiarabu tulizofundishwa chuoni, na sijui barua hii itakukuta wapi. Tangu serikali ya Wadachi ikuchukue kubeba mizigo ya vita, usingizi wangu ni wa kushtukashtuka. Mama akiniuliza nawaza nini, namwambia nawaza shamba. Nawaza bega lako.

Unakumbuka lilipotoka mara ya kwanza? Ulikuwa unapigana mieleka na vijana wa bondeni, hapa hapa Kinole, ukaangukia mkono ulionyooka. Nilisikia "ko!", nikajua si kishindo cha kawaida. Ulipoinuka mkono ulikuwa unaning'inia, na pale penye mviringo wa bega pamebonyea. Wenzako wakataka kuuvuta. Bibi yetu, muunga mifupa wa kijiji kizima, akaja akipiga kelele: "Acheni! Mtamharibia mkono!" Akakulaza kifudifudi juu ya jiwe, mkono ukining'inia chini, akakusimulia vituko vya mbuzi wake mpaka nyama za bega zikachoka kukaza. Ndipo akauzungusha taratibu. Mfupa ukarudi mahali pake. Ulilia na kucheka kwa pamoja.

Sikukuu ile tulipochinja, Bibi alituita jikoni. Alishika paja la mbuzi akachomoa mfupa kwenye nyonga. "Mnaona? Kichwa hiki cha mviringo kimezama ndani ya shimo. Kutoka si rahisi." Kisha akafungua mkono wa mbele. "Hapa hakuna shimo, kuna kisahani tu. Na sisi ndivyo tulivyo. Mkono unazunguka kila upande, lakini unateleza upesi." Akakugusisha ile ncha nyeupe ya mfupa, laini, yenye ute, inayozuia mifupa kusagana. Akakuonyesha na kano zinazofunga mfupa kwa mfupa.

"Za kwako zimelegea, mjukuu wangu," akasema. "Ukishindwa kuacha mieleka, pigana kwa nyonga na magoti."

Hukuacha, nami nilijua hutaacha. Ila ulimsikiliza. Kila asubuhi tulipanda kwenye tuta nyuma ya nyumba, mimi nikawa mpinzani wako kwa sababu wengine walikuogopa. Ulikuwa unachuchumaa chini kabisa, visigino vimekanyaga, magoti yamekunjika, kiwiko cha kulia umekibana ubavuni. Nikikusukuma, kifundo cha mguu kinapinda, goti linapokea, mgongo unajikunja kidogo, husogei. Halafu unageuza nyonga tu, nami najikuta hewani. "Dada, umeumia?" Nilikuwa naumia, lakini nasema hapana.

Baada ya mavuno akaja kupigana nawe yule mcheza mieleka wa Mzumbe, shingo kama kinu. Nilikaa karibu na Bibi, vidole nimeving'ata. Jamaa alijua habari za bega lako, akawa anautafuta mkono wa kulia tu. Ukamwachia aje. Alipokuinamia, ukazama chini yake, ukageuza nyonga, ukanyoosha magoti, akapaa! Watu wakakubeba. Mimi nilikuwa nalitazama bega. Lilikuwa mahali pake.

Lakini askari wa serikali alikuwapo akitazama.

Haikupita wiki, jumbe akaja mlangoni na askari yule kutafuta wapagazi. Nilimpigia magoti. "Shikamoo, jumbe. Huyu hawezi mzigo. Bega lake hutoka."

"Marahaba, binti. Nilimwona mwenyewe akimnyanyua mtu mzima."

"Alimnyanyua kwa nyonga, jumbe! Mzigo utakaa begani."

Akamtazama askari, askari akatazama pembeni. Bibi alijaribu kueleza, hawakumsubiri amalize. Wewe ukaniambia, "Dada, acha. Nitabeba kichwani." Ukateremka nao njia ya Mikese bila kugeuka, ili Mama asiuone uso wako.

Kichwani! Kwani mzigo hupandishwa kichwani na nini, kama si mikono? Na kwenye matope mtu akiteleza hujishika na nini? Ndiyo hayo ninayozungumza nayo peke yangu nikipalilia. Watu wanasema mpagazi akianguka huko, mzigo huokotwa, mtu huachwa. Nikiona kijana yeyote akipanda mlima, kwanza namtazama mabega.

Juzi Kibwana, jirani yetu, amerudi kutoka huko kwenye mizigo amekonda, homa imemwachia macho tu. Nilimpa uji, nikasubiri anywe. Akasema alikuona kambini, kabla hamjavushwa kuelekea Rufiji. Mkono wako wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani kwa kitambaa, na asubuhi wenzako wawili walikuwa wakikupandishia mzigo kichwani, nawe unainuka kwa magoti.

"Alinikataza nisikuambie," akasema, akainamisha kichwa.

Nimemshukuru Mungu kwamba unainuka. Halafu nikaenda moja kwa moja kwa Bibi.

Mama sijamwambia. Bibi nimemwambia, naye akaanza kufunga vitambaa vyake na mafuta yake. Mjomba amekubali kutusindikiza. Kesho tunateremka Mikese, wanakopita wagonjwa wanaorudishwa, na tutakaa hapo. Nitamtazama kila anayeletwa. Usipokuwamo, nitawauliza waliokuwamo.

Na wewe, baba, usinifiche maumivu tena. Nikiyajua naogopa, lakini nisipoyajua naogopa zaidi.

Ni mimi, dada yako uliyekuwa ukimwangusha kila asubuhi,
Mwanaidi