Yule Mama wa Melini

Mayu wangu mpendwa,

Nimeolewa! Nalisema neno hilo peke yangu hapa Mwandoya nikifagia uwanja, kisha nacheka kama mwehu. Mume wangu ni mwalimu, mrefu, mpole. Akitoka shuleni huanza kuniita akiwa bado katikati ya mashamba ya pamba, majirani wote wasikie. Ungempenda, mama yangu. Ungemtania mpaka akimbie.

Lakini ameniuliza swali nami nimemjibu vibaya, ndiyo maana nakuandikia.

Unaikumbuka ile alasiri kule Kasoli, nilipokuwa likizo? Muuguzi wa misheni alitundika shuka jeupe ndani ya ghala la pamba, akafunga milango, sisi tukakaa juu ya magunia. Alituonyesha sinema ambayo baba yake aliipiga mwenyewe kabla ya vita, familia yao ilipovuka bahari ya Atlantiki kwa meli kubwa. Haikuwa na sauti. Mimi niligeuza maelezo ya muuguzi kuwa Kisukuma, na wewe ukataka kujua ng'ombe wa maziwa wamefungwa wapi kwenye meli hiyo.

Kisha akatokea mama mmoja mnene, kofia ameishika isipeperuke, anatembea kwa madaha, akiyumba kidogo, juu ya meli huku akicheka kichwa kikiwa nyuma. Akatutazama, akapunga mkono. Ukapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Mwadila, mayu!" ukamwamkia, kama ulivyomwamkia mkubwa yeyote saa za alasiri.

Ghala zima likaangua kicheko. Shangazi akasema, "Wifi, inuka bwana! Hilo ni shuka!"

"Mbona limenipungia mimi, wewe halikukupungia?"

Muuguzi hakucheka. Alisema yule ni mama yake, aliyeuawa na bomu wakati wa vita, na kwamba tangu afe hakuna mtu aliyemsalimia. Ukaninong'oneza, "Mwambie amrudishe, tumwone vizuri." Tukamwona tena na tena, mpaka mashine ikapata moto.

Mvua zilizofuata uliugua. Habari iliponifikia shuleni Tabora, ulikuwa umeshazikwa. Hukuwahi kupigwa picha hata moja.

Sasa juzi, tukila, mume wangu akaniambia, "Mama yako alikuwaje? Hebu nifanye nimwone." Nilifurahi mno! Nikamweleza ulivyocheka kichwa kikiwa nyuma, ulivyotembea ukiyumba kidogo, mkono mmoja kichwani. Akatabasamu, akasema amekuona kabisa. Nikaacha kula. Aliyemwona si wewe. Nilikuwa nimempa yule mama wa melini.

Nikifumba macho kukutafuta, ndiye anayekuja. Yeye nilimtazama nimetulia, sikupepesa. Wewe nilikuwa nakupita tu jikoni, nikikimbilia mambo yangu, kwa kuwa nilijua kesho utakuwepo.

Leo asubuhi nimemwambia ukweli. Hakunicheka. Alinishika mikono, akasema, "Basi niambie chochote ambacho ni chake."

Nikatafuta, Mayu. Uso haukuja. Ilikuja harufu ya samli uliyojipaka. Kikaja kile kikohozi chako kifupi kabla ya kuingia ndani. Na vidole vyako ukinisuka, jinsi ulivyovuta nywele mpaka macho yakanitoka.

"Alikuwa anavuta?" akauliza.

"Alikuwa anavuta sana."

"Maskini mke wangu." Tukacheka wote wawili, kisha mimi nikashindwa kuendelea kucheka, akanipakata mpaka kengele ya shule ikamwita.

Pumzika huko ulipo. Mvua zikikatika tutakuja Kasoli kupalilia kaburi lako, usikie sauti ya mume wangu. Nina furaha, Mayu, furaha tele, lakini sura yako, niionyeshe furaha hii, siipati.

Mimi binti yako,
mke wa mtu sasa