Nyundo ya Nyangeta

Mpendwa Bibi,

Ngo. Ngo. Ngo. Mara tatu, halafu kimya.

Nilikuwa na miaka tisa, nimekaa barazani pale Nyasura nachambua mchele, siku mama aliporudi kutoka hospitali na mdogo wangu Elisha. Ulimpokea mtoto mlangoni, ukaingia naye chumbani kwako kabla mama hajapata hata pa kukaa, ukafunga mlango. Ndipo ikaja ile sauti. Chuma juu ya chuma, ndogo, kavu, kama mtu anayebisha hodi na hataki majirani wajue amefika. Ulipotoka nilikuuliza ulikuwa unagonga nini.

"Nafukuza panya," ulisema.

Nikamtazama baba, mzee wa kanisa, mtu asiyevumilia uongo hata wa mzaha. Aliinamisha macho kwenye viatu vyake. "Panya wamezidi humu," akasema. Tulikuwa na paka wawili, Bibi.

Nimeisikia sauti hiyo miaka yote. Darasani Musoma, ninapofundisha kemia, mwanafunzi akiangusha kijiko cha chuma sakafuni, nasimama katikati ya sentensi nasubiri mbili zilizobaki.

Ulituambia sisi ni watu wa Kiriba, watu wa ziwa. Lakini nakumbuka siku ulipompasua sato jikoni ukamtoboa nyongo, kitoweo chote kikawa kichungu. Mama Neema wa jirani alicheka mpaka akashika ukuta. "Mtu wa Kiriba gani anatoboa nyongo! We bibi, wamekuokota wapi?" Na wewe ulicheka, ukamwaga mchuzi, ukatupikia maharage. Kamongo, yule samaki mrefu kama nyoka, hukutaka hata kumwona. Furu ulikuwa unawaita wote "hivi visamaki".

Chuma ndicho ulichokijua. Siku ya mnada pale Bunda ulikuwa ukinishika mkono mpaka kwa wauza majembe, ukichukua moja moja, unalining'iniza kwa kidole, unalipiga kwa ukucha, unaliweka sikioni. "Hili lina ufa." Muuzaji anaapa kwa mama yake mzazi kwamba halina. Unanipa mimi nisikilize. "Unasikia? Linalia upande mmoja." Nilikuwa nasikia, Bibi. Sikujiuliza kwa nini nasikia na wenzangu hawasikii.

Tulipomaliza matanga yako, nilifungua sanduku lako ili tugawane vitenge. Chini kabisa, ndani ya kitambaa kilichooshwa mpaka kikapoteza rangi, nilikuta nyundo isiyo na mpini, fupi, nzito kuliko ilivyoonekana, imelika upande mmoja kwa matumizi ya mikono ya watu wengi. Baba alinikuta nimeishika. Hakuniuliza ni nini. Alisema neno moja: "Rudisha." Nikarudisha. Kitambaa nilikifunga vibaya, na usiku ule wote nilihisi kana kwamba nimemwacha mtu nje.

Labda ningeisahau kama si Magesa. Unamkumbuka, yule mwalimu wa hesabu uliyesema ana miguu ya korongo. Ni mtu wa Butiama. Tumekubaliana kuoana, na nina ujauzito wake, wa miezi mitano sasa. Kwao hakuna ndoa kabla wazee hawajaja kuuliza ukoo: nyie ni akina nani, mmetoka wapi, babu yenu aliitwa nani. Baba akaniambia mapema, bila kuulizwa, "Tutawajibu ni watu wa Kiriba. Basi."

Nilitaka niwe na jina hata moja la kutaja siku hiyo. Ndiyo maana nilikwenda Kiriba. Nilizunguka siku nzima nikiuliza ukoo wako na hakuna aliyeujua, mpaka nikaelekezwa kwa bibi mmoja aliyekuwa anaanika dagaa, mkongwe kuliko wewe. Nilipotaja jina lako hakuinua kichwa.

"Huyo hakuwaga wa hapa," alisema. "Tulikua naye, lakini wa hapa hakuwa. Mama yake, Nyangeta, alikuja kwa miguu kutoka vilima vya huko Butiama, mtoto mgongoni, kikapu kichwani. Mama yangu ndiye alimpokea. Alikuwaga anatusimulia: ndani ya kikapu hamna nguo, hamna unga. Nyundo tu."

"Nyundo ya nini?"

"We mwalimu gani? Walikuwaga wahunzi hao. Jembe lao watu walilitaka, mkuki wao waliutaka. Binti yao hakuna aliyemtaka. Hamuoani nao, hamli nao. Sasa huyo Nyangeta akazaa na kijana ambaye si mhunzi. Wazee wakasema hizo damu hazichanganywi, mtoto asiachwe hai."

Mtoto asiachwe hai. Alisema hivyo huku akigeuza dagaa. Mtoto yule ulikuwa wewe, Bibi.

Nilimuuliza kuhusu kugonga mara tatu. Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza, akanitazama tumbo, halafu uso.

"Mtoto wao akizaliwa anasikilizishwa nyundo kwanza, ndipo anapewa jina. Asipoisikia, nyundo haimjui. Na ikiwa haimjui..." Akachukua ungo wake akahamia upande wa pili wa kichanja, akaniacha na sentensi hiyo.

Njiani kurudi nilihesabu. Sikutaka, lakini nilihesabu. Mzaliwa wako wa kwanza, yule ambaye hakuna picha yake, alikufa kabla ya kutimiza mwezi. Mzaliwa wa kwanza wa baba, kaka yangu niliyekuja baada yake, siku nane. Nimesoma, Bibi. Najua malaria inavyoua, najua vichanga wanavyochomwa na homa, najua watu wakiogopa huokota vifo viwili na kuvifunga kamba moja. Najua yote hayo, na nililala nimewasha taa.

Nilimfuata baba, nikamweleza niliyoyasikia Kiriba. Nilidhani atakana. Alivua miwani.

"Mama aliolewa akiwa msichana, akaogopa kugonga nyundo ukweni," alisema. "Akamzika mtoto. Kaka yako alipozaliwa, mimi ndimi niliyemkataza. Nilimwambia hii ni nyumba ya Mungu, sitaki mambo ya giza. Hakubishana na mimi. Siku ya nane..." Akavaa miwani, akaivua tena. "Ulipozaliwa wewe nilikwenda kuteka maji kisimani, na bomba lilikuwa linatoka. Niliporudi alikuwa ameshamaliza."

"Kwa hiyo unaamini, baba?"

"Siamini." Kisha, kwa sauti ya chini: "Lakini usilitaje jina la Nyangeta mbele ya watu wa Butiama. Nakuomba, mama yangu. Usiwaamshe."

Baba hajawahi kuniomba kitu.

Nikamwambia Magesa. Nilitaka ayasikie kutoka kwangu. Alicheka, akasema ni mambo ya kale, sisi ni watu wa leo. Lakini mkono wake ulikuwa juu ya tumbo langu nilipoanza kusimulia, na nilipomaliza haukuwepo. Sijui aliuondoa saa ngapi. "Ila kwa bibi yangu usiseme," akaongeza. "Yule ni mtu wa zamani."

Nilikaa na hilo wiki mbili. Nilijiona nikiwa mke Butiama, nimejifungua, nimejifungia chumbani na nyundo iliyoviringwa nguo ili isisikike, watu sebuleni wananiuliza nafanya nini, na mimi nawajibu ni panya. Nikamwona binti yangu barazani, anachambua mchele, anasikia. Bibi, sikukasirika kwamba ulitudanganya. Nakuwazia mama kijana, nyundo iko sandukuni, mtoto anaungua mikononi, na wewe unasikiliza nyayo za mama mkwe wako ukumbini. Ulikuwa na miaka mingapi? Kumi na saba? Ungemwambia nani? Hata baadaye, ulipogonga kwa ajili ya baba, kwa ajili yangu na ya Elisha, ulitusikilizisha nyundo lakini hukututajia mwenye nyundo hiyo. Tulijulikana na mtu tusiyemjua. Hilo ndilo linalonitia hofu kuliko vifo: kwamba kwa miaka yote hii mama yako amekuwa akibisha hodi nyumbani kwa wanawe, na hakuna anayemwita kwa jina.

Walikuja Jumamosi iliyopita, saa nne asubuhi. Wazee watatu, Magesa, na bibi yake, mwembamba, fimbo magotini. Mama aliandaa wali na kuku. Walipomaliza salamu, mzee mmoja akakohoa, akauliza kwa upole kama inavyotakiwa, "Sasa tunaomba tuwajue. Nyie ni akina nani?"

Baba akafungua kinywa. "Sisi ni watu wa..."

Nikasimama. Nyundo nilikuwa nimeitoa sandukuni na kuiweka chini ya kiti changu tangu alfajiri, pamoja na lile jembe la mwisho ulilonichagulia mnadani. Niliufungua mlango wa mbele mpaka ukagonga ukuta. Nililaza jembe sakafuni, nikapiga magoti kwa shida kwa sababu ya tumbo, nikapiga. Ngo. Ngo. Ngo. Nikasema, "Sisi ni wa Nyangeta, binti wa wahunzi wa vilima vya Butiama. Alitoka kwenu na mtoto mgongoni."

Magesa alikuwa anaangalia mikono yake. Mtoto tumboni, ambaye siku zote huwa mtulivu asubuhi, aligeuka mzimamzima.

Bibi yake Magesa ndiye aliyesema kwanza. Hakushtuka. Aliweka kikombe chini taratibu kama mtu aliyengoja jambo kwa muda mrefu mpaka akachoka kulingoja.

"Basi mmerudi," alisema.

Aliinuka, wakainuka wote. Wali haukuguswa. Mlangoni alilikwepa lile jembe, akapita mbali nalo. Tangu siku hiyo Magesa hajapiga simu, na baba anasali peke yake chumbani kwako.

Nyundo nimeondoka nayo, iko Musoma, juu ya meza, bila kitambaa. Mtoto atakapokuja ataisikia mlango ukiwa wazi, na kabla ya jina lake atalisikia la mama yako. Ukimwona huko uliko, mwambie nimeshamtaja. Kama nimekosea kumwamsha, aje kwangu mimi.

Lala, Bibi. Zamu yako imekwisha.

Mjukuu wako, yule aliyezaliwa wa pili