Migomba Saba Kwenye Shamba la Bwasa

Alhamisi. Uvira, mvua tangu asubuhi.

Milima haionekani na ziwa limekuwa rangi ya udongo. Umeme umekatika, kompyuta ya kazini imezimika, wateja wamebaki makwao. Naandika kwa simu, nimekaa nyuma ya meza yangu. Niseme mapema nisije nikazungukazunguka: naogopa.

Jana Mama alipiga simu kutoka Kamanyola. Anaishi huko peke yake tangu Baba afariki, analima mihogo na maharage kwenye shamba lile lile lililotulea. Alisema Papa Bahati amemshitaki kwa chefu, mkuu wa kijiji. Papa Bahati ni mtoto wa yule mzee ambaye zamani alimkaribisha baba yangu alime pale. Tumeitwa Jumamosi, na kosa lililoandikwa kwenye karatasi ya mwito ni moja tu: migomba.

Migomba hiyo niliipanda mimi.

Mwanzoni mwa mvua hizi nilikwenda kumsalimia Mama nikamkuta anashika kiuno kila anapoinuka. Nikaona uchungu. Nikanunua machipukizi saba sokoni, nikayapanda kando ya mfereji, ili apate angalau kitu kimoja ambacho hakihitaji kupandwa upya kila msimu. Mama aliyashika yasimame wima huku mimi nikijaza udongo. Nilirudi Uvira nikijisifu kwa kila mtu, eti nimemtengenezea mama yangu uzee mzuri.

Sasa sikia aibu yangu. Kazi yangu ni kuchapa karatasi za watu, na nyingi ni za viwanja. Kutwa nzima vidole vyangu vinaandika «bailleur», yule anayetoa ardhi yake ikae kwa mtu, na «preneur», yule anayeichukua kwa muda. Naandika «mise en valeur», maana yake kazi ambayo mtu ameifanya juu ya ardhi: nyumba, ua, miti. Wateja wakiniuliza nawaelezea, tena kwa kiburi kidogo. Miaka yote hiyo sikujiuliza hata mara moja Mama ni nani katika maneno hayo.

Aliyeuliza ni Yaya Solange (yaya kwetu ni dada mkubwa), mwenye duka hili, naye ni mtu wa Kamanyola. Jana nilipomsimulia habari ya migomba alivua miwani.

«Lile shamba lenu iko kalinzi ao bwasa?»

Sikujua. Akanieleza polepole. Kalinzi ni pale unapotoa ng'ombe au mbuzi kwa mwenye ardhi mbele ya mashahidi, shamba likabaki kwako na kwa watoto wako. Bwasa ni kuazima. Unalima msimu, unavuna, unapeleka shukrani kwa mwenye shamba, unaomba tena. Kwenye bwasa unapanda maharage, mahindi, mihogo. Mti hupandi. Mti unakaa, na anayepanda kitu cha kukaa ametangaza kwamba na yeye anakaa.

«Ule mugomba iko nasema: hapa ni kwangu,» akamaliza. «Weye umetukana ile familia mara saba.»

Nilitaka kucheka. Machozi ndiyo yalitoka.

Maana hapo hapo nilikumbuka mambo mawili. La kwanza ni kasiksi. Kila baada ya mavuno tulibeba dumu la pombe hiyo ya ndizi na kikapu cha maharage mpaka kwa yule mzee, na mimi nilijua ni urafiki tu, kwa sababu alikuwa akinipa muwa. La pili ni mpapai. Nilikuwa mdogo, nikafukia mbegu za papai pembeni ya shamba, zikaota, mmoja ukafika magotini kwangu. Baba aliung'oa kabla sijaamka. Nilipolia alisema kivuli kinaharibu mihogo. Nilimwita mtu mbaya moyoni mwangu, na nadhani sikuwahi kumsamehe kabisa. Kumbe Baba alikuwa na hofu hii hii niliyonayo leo. Aliishi nayo kila siku na hakutuambia.

Je, kama Jumamosi watasema toka? Papa Bahati hana moyo wa baba yake. Wanasema anatafuta mnunuzi, na kwa anayetaka kuuza, migomba yangu ni zawadi: sababu imejileta yenyewe. Mama atalima wapi? Huku kwangu ni chumba kimoja, na nje ni saruji mpaka kwenye mtaro wa barabara. Namjua. Mama bila shamba atakaa kwenye kiti changu, atakauka.

Yaya Solange ameniambia cha kufanya. Niende kesho, barabara ikiwa nzuri. Ning'oe migomba yote kabla ya Jumamosi, kisha tupeleke kasiksi, tupige magoti, tuseme ni ujinga wa mtoto wa mjini. Wengi wamesamehewa hivyo.

Nikampigia Mama leo asubuhi nimweleze. Nilimwambia anisamehe, sikujua maana ya mti kwenye bwasa.

«Minye nilijua,» akasema.

Nikabana simu sikioni.

«Ile siku weye uko nachimba, nilijua muzuri. Baba yako aliogopa mupaka akakufa. Minye nilitaka kupanda kitu kimoja tu mbele ya minye pia kufa.» Halafu, kama anayetoa habari ya jirani: «Ule wa tatu umetoa jani mupya.»

Nilimuuliza kwa nini hakunizuia. Akasema mvua imeanza na huko, anaenda kuanua nguo.

Basi begi nimelifunga. Kitenge cha kuvaa mbele ya chefu kimo, na nauli nimeiweka kando. Jembe liko kule kule. Najua la busara ni lipi, na nikipewa karatasi nitalichapa bila kosa: preneur anaondoa mimea yote ya kudumu. Papa Bahati ananitisha, ndiyo. Lakini tangu ile simu ya asubuhi kuna kitu kinachonitisha zaidi, nacho ni kufika kesho shambani nikamkuta Mama ameketi kando ya mfereji, karibu na ule wa tatu, ananingojea nianze kung'oa.