Sauti Uliyoisikia kwenye Simu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje huko kwa Kaka? Wifi aliniambia sasa unafika bafuni bila kushikwa mkono, nikafurahi hadi nikakosea kukata kola ya mteja. Wasalimie sana yeye na Kaka. Mimi nipo, kazi zinakwenda, ila moyo haujatulia, ndiyo maana nimekaa kuandika. Kwenye simu ulimi wangu una tabia ya kukimbilia "hatujambo".

Wale wapangaji wa nyumba ya nyuma wamehama. Walipakia kila kitu, hata balbu walizifungua, lakini paka wao wa kike, yule mweupe mwenye sikio moja jeusi, walimwacha dirishani. Nilidhani watamrudia. Mvua ikanyesha, naye yuko palepale, analia kuelekea barabara lilikopita lori lao. Sikuweza kushona. Nilimbeba ndani ya aproni, nikamfungia kwenye chumba cha cherehani. Namwita Mgeni.

Najua unachosema hapo ulipo: na Meneja je? Huyo paka wako uliyeniachia alijua kabla sijafunga mlango. Alikaa nje ya kile chumba, mkia umefura kama brashi ya chupa, akaninunia kama mwenye nyumba ambaye hakuulizwa. Nikaenda kwa daktari wa mifugo. Akanieleza kwamba paka hawatambulishwi kama watu, kwa kupeana mikono. Kwanza wazoeane harufu: nimfute huyu kwa kitambaa nikampelekee yule, na kila mmoja ale upande wake wa mlango. Siku watakapokula bila kunguruma, ndipo nifungue kidogo. Akasisitiza nisiwe na haraka hata chembe.

Nilifuata. Kitambaa cha kwanza Meneja alikikojolea. Cha pili alikikalia kutwa nzima, nadhani kwa kukomoa. Sahani nikazisogeza karibu na mlango kidogo kidogo. Mgeni alikuwa anakula kimya. Meneja alikuwa ananguruma huku mdomo umejaa.

Kisha nikafungua mlango, Mama. Meneja alikuwa juu ya meza ya kukatia nguo. Mgeni hakumfanya kitu, alipita tu akaenda moja kwa moja kwenye sahani ya mwenzake. Meneja alirudi nyuma, akaangusha kopo la vifungo, na kwa ule mshindo akaruka dirishani. Nilidhani ameenda kupunguza hasira. Giza likaingia hajarudi. Nilizunguka mtaa mzima nikigonga sahani yake kwa kijiko, watu wakatoka kuuliza nauza nini.

Fundi viatu wa pale kona ndiye aliyenijia asubuhi. Kwa jinsi macho yangu yalivyovimba, aliuliza kwanza kama nimefiwa. Kisha akasema kuna bwana mkubwa amelala juu ya vipande vya ngozi dukani kwake na hataki kuondoka. Nilimrudisha kwa kikapu mara mbili. Mara mbili akatoroka, na mkono wangu una michirizi ya ushahidi.

Kwa hiyo, Jumapili uliposema nimsogezee Meneja simu umsikie, aliyelia hakuwa Meneja. Nilimshika Mgeni. Ukacheka, ukamwita kwa majina yako yote ya kubembeleza, ukasema sauti yake imelainika kwa kukukumbuka. Nilikata simu nikakaa sakafuni.

Na bado sijakuambia lililo baya zaidi. Ule mlango sikuufungua kwa bahati mbaya, wala kwa kudhani wako tayari. Nilijua hawako tayari. Asubuhi ile ulikuwa umepiga, ukauliza kama Meneja amekula, kama analala kitandani kwako, kama amekonda; ukaaga. Mimi nilikuwa na homa inanitetemesha. Hukuniuliza, nami sikusema. Nikamtazama amejinyoosha juu ya gauni la mteja, nikajisemea: leo na wewe ujue nyumba hii si yako peke yako. Ndipo nikashika kitasa. Nilimwonea paka, Mama, kwa jambo lililokuwa baina yangu na wewe.

Nimeanza upya. Mgeni yuko chumbani, mlango umefungwa. Kila asubuhi nampelekea Meneja chakula kwa fundi viatu, pamoja na kitambaa. Leo alinifuata hadi ndani. Alinusa chini ya mlango. Mgeni akatoa mguu wake mweupe pale kwenye uwazi, Meneja akaupiga kofi moja, bila kucha. Kisha akala, akarudi zake kwa fundi. Mgeni sitamfukuza, ameshatupwa mara moja. Kwa hilo naomba radhi zako mapema.

Ukimaliza kusoma, nipigie. Nigombeze mpaka utosheke, nitanyamaza. Halafu, kabla hujakata, niulize kama nimepona.

Nakubusu mikono yote miwili,

Kitindamimba wako