Wimbo wa Tano

Jumatatu, 3 Mei 2004
Wateja watatu wa fotokopi. Barua moja ya kuomba kazi hotelini. Mikumi imepoa. Mchana nimeweka kwenye kompyuta ya duka programu ya kunakili sidii. Ina maswali mengi. Nimechagua faili zisizopunguza sauti. MP3 hupunguza ili faili iwe ndogo. Sitaki Zakaria apunguzwe.

Moyoni sisikii kitu. Nachapa tu.

Jumanne, 4 Mei
Sidii ya kwaya ya Zakaria ni hiyo moja. Mgeni aliyewarekodi Kimamba alimpa yeye, akaondoka. Jumamosi tunamaliza tanga, na vitu vya marehemu mume wangu vitarudi kwa dada yake, kama ukoo wao unavyotaka. Sibishi. Nataka sauti. Wimbo wa tano anaimba peke yake.

Alhamisi, 6 Mei
Programu inarudia kila mkwaruzo mpaka iridhike. Nyimbo nne zimetoka safi. Wa tano umekwama tangu asubuhi. Nimeisugua sidii kwa dawa ya meno, nikaifuta kwa khanga. Imekwama tena. Umeme ukakatika. Nimemtukana Zakaria kwa kutembea nayo kwenye mfuko wa shati bila kasha. Halafu nikanywa chai.

Ijumaa, 7 Mei
Kuna kisanduku cha kutia alama: ikishindwa kusoma, iendelee. Nimetia. Robo saa, imekamilika. Nyimbo zote nane zipo. Sijasikiliza. Siwezi.

Jumamosi, 8 Mei
Kimamba. Tanga limekwisha. Wifi Agnesi kapewa baiskeli, koti, redio, sidii. Nilimkabidhi kwa mikono miwili. Nimesikia wakisema nina moyo mgumu. Ni kweli.

Jumatano, 12 Mei
Leo nimethubutu kufungua wimbo wa tano. Kimya, mwanzo hadi mwisho. Programu iliposhindwa kusoma iliweka kimya ikaendelea, na ruhusa niliitoa mimi. Mjinga mimi. Ningesikiliza Ijumaa, sidii ilikuwa bado mkononi mwangu. Kesho naifuata.

Alhamisi, 13 Mei
Basi hadi Kilosa, jingine hadi Kimamba. Wifi yuko shambani, wakaniambia. Mpunga wake unakomaa na ndege ni wengi. Nikamfuata huko. Sidii inaning'inia kwenye uzi katikati ya mpunga, inazunguka na kumetameta. Rangi imebabuka. Naona mwanga upande wa pili. Haitasomeka tena.

Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia marahaba, akaona ninapoangalia.

"Redio aliyoniachia ni ya kanda, wifi," akasema. "Nikaona basi, kaka anisaidie kuamia ndege."

Sikumwambia nilichokifuata. Sikuweza hata kukasirika. Ndege wakashuka kundi zima upande wa mfereji, akanipa debe na fimbo. Nikapiga debe. Nikapiga kelele. Wifi alishaacha, mimi naendelea, ndege wenyewe wameshaondoka. Msibani sikuwa nimetoa sauti hata mara moja.

Ijumaa, 14 Mei
Nimefungua duka saa tatu. Sauti imekauka kabisa. Wateja nawajibu kwa kichwa.