Boksi Lenye Mwandiko Wako

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimeniacha, na vitabu ulivyonitumia nimevimaliza.

Uliuliza kama chumba cha taka hapa chini bado kinanuka. Kimesafishwa. Niliiandikia ofisi ya jiji fomu ya malalamiko kwamba chupa na maboksi yamejaa hadi mlangoni, na kwa kupenda kwangu maneno makali nikaongeza: "Mfagiaji ni mzembe." Mwenye nyumba alipoonyeshwa neno hilo, akamfukuza kazi mama wa watu.

Jana mama huyo alikuja kuniaga, maana hajui ni mimi niliyemshtaki. Alishika boksi la vitabu vyako, lile nililolitupa.

"Nilikuwekea, mwanangu. Lina mwandiko wa kwenu, nikaona si la kutupa." Kisha akacheka. "Mwenye nyumba kaondoa mapipa mawili, eti mimi mzembe. Taka ningezibeba kichwani?"

Nikasema asante tu, Shangazi.

Sasa ninajaza fomu nyingine, kueleza habari ya mapipa na kumsafisha yule mama. Ina nafasi ya jina la mlalamikaji. Mara ile ya kwanza niliiacha wazi. Leo nimeanza na hapo.

Mwanao, anayekuonea haya hata kwa barua.